Watoto 26 wa Saint-Lambert

Septemba 1965, watoto 26 wa chekechea waliingia darasani Saint-Lambert, mji unaotazamana na Montréal ng'ambo ya Mto Saint Lawrence, wakamkuta mwalimu asiyewasemesha hata neno moja la Kiingereza. Nao kwao hawakusema kingine. Mwalimu akaonyesha picha, akaimba, akaashiria kwa mikono. Mtoto aliruhusiwa kuuliza kwa Kiingereza. Jibu alilipata kwa Kifaransa.

Mpango huo haukutoka serikalini. Ulianzishwa na wazazi, wakiwamo akina mama watatu, Olga Melikoff, Murielle Parkes na Valerie Neale. Waliishi Quebec, jimbo la Kanada ambalo wakazi wake wengi husema Kifaransa, na bado watoto wa jamii yao ya Kiingereza walifundishwa lugha hiyo miaka nenda rudi wakamaliza shule bila kuweza kupiga soga na jirani. Walibisha hodi kwenye bodi ya shule mpaka wakakubaliwa. Usajili ulipofunguliwa, nafasi zilijaa ndani ya dakika chache.

Katika Chuo Kikuu cha McGill, mwanasaikolojia Wallace Lambert na mwenzake Richard Tucker waliwafuatilia watoto hao mwaka hadi mwaka, wakachapisha matokeo 1972. Hofu kubwa ilikuwa Kiingereza chao kingedumaa. Mwanzoni walichelewa kukisoma, lakini masomo ya Kiingereza yalipoanza darasa la pili waliwafikia wenzao. Hesabu, walizofundishwa kwa Kifaransa, hazikuwashinda.

Dosari zilikuwapo. Wanafunzi wa madarasa ya namna hii huelewa karibu kila kitu, ila huchanganya *le* na *la*, vibainishi vya jinsia ya nomino, kama mtu anayesema "kitabu yangu": anaeleweka, lakini sikio linashtuka.

Lambert alitenganisha lugha inayoongezwa juu ya ile ya nyumbani na lugha inayoingia kwa kuifukuza. Hapo ndipo penye siri ya Saint-Lambert, kwani Kiingereza cha watoto wale hakikutishwa na mtu. Watoto wa Kifaransa wa jimbo la Ontario hawakuwa na bahati hiyo. Mwaka 1912 jimbo hilo lilitoa Kanuni ya 17, iliyokibana Kifaransa kwenye madarasa ya mwanzo tu. Januari 1916, akina mama wa Ottawa waliizunguka Shule ya Guigues wakiwalinda walimu wao wa Kifaransa. Silaha yao ilikuwa pini ndefu za kofia. Kanuni iliacha kutekelezwa 1927.

Mwaka 1969 Kanada ilipitisha Sheria ya Lugha Rasmi, Kiingereza na Kifaransa vikawa sawa katika serikali ya shirikisho, na madarasa ya mtindo wa Saint-Lambert yakasambaa nchini. Leo yana wanafunzi zaidi ya 400,000. Wazazi wengi huorodhesha majina na kusubiri, maana walimu wanaokimudu Kifaransa vizuri hawatoshi.