Herufi Zisizosikika na Majina ya Usukumani

Tahajia, yaani kanuni za kuandika maneno kwa herufi, mara nyingi huhifadhi matamshi ambayo wasemaji wameshayaacha. Katika Kiingereza, k ya neno knife ilitamkwa kwa karne nyingi, ikaja kunyamaza baada ya uchapaji, ulioingizwa Uingereza na William Caxton mwaka 1476, kuanza kuyapa maandishi sura ya kudumu. B ya debt, kwa upande wake, ilipachikwa na wasomi waliotaka neno hilo lifanane na asili yake ya Kilatini, wala haikuwahi kutamkwa.

Usukumani, kwenye Ghuba ya Mwanza ya Ziwa Victoria, ambako Kigongo inatazamana na Busisi, herufi za Kilatini zililetwa na wageni walioandika kwa kufuata kanuni za lugha zao. Mvumbuzi Mwingereza John Hanning Speke, aliyefika ziwani humo mwaka 1858, aliandika Muanza, ilhali Wajerumani waliandika Muansa, kwa kuwa kwao s inayotangulia irabu husomwa z. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili ilieneza tahajia ambayo karibu kila herufi husikika: katika jina Kigongo g hutamkwa, na pale isipotamkwa, kama katika ng'ombe, ritifaa humwonya msomaji.

Kanuni hizo, hata hivyo, hazikutungwa kwa ajili ya Kisukuma, lugha ya Wasukuma wa eneo hilo. Katika jina la mtu Mhoja, au Nhundulu, kata ya Wilaya ya Misungwi, h haisimami kama sauti ya peke yake, bali huonyesha kwamba nazali iliyotangulia, yaani sauti inayopitia puani, hutolewa kwa pumzi bila nyuzi za sauti kutetema. Kwa kuwa Kiswahili hakina sauti hiyo, karani au mwalimu mgeni huweza kuiruka h, au kuchomeka irabu na kusoma Muhoja, kama vile Ng'wanamalundi, mganga mashuhuri wa Usukumani, anavyoandikwa pia Mwanamalundi.

Hivyo h ya Mhoja haifanani na k ya knife, ambayo wenye lugha wenyewe waliacha kuitamka; anayeifuta katika cheti cha kuzaliwa kwa kudhani kwamba anarahisisha tahajia huondoa katika maandishi sauti ambayo wasemaji wa Kisukuma wangali wanaitamka.