Makaburi ya Gettysburg na watu walioyachimba

Gettysburg, mji mdogo wa jimbo la Pennsylvania, ulikuwa na wakazi wapatao 2,400 vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoufikia. Barabara kumi zilikutana hapo, na ndizo zilizoyakutanisha majeshi mawili. Kuanzia Julai 1 hadi 3, 1863, jeshi la Muungano chini ya Jenerali George Meade lilipambana na lile la Kusini chini ya Robert E. Lee. Waliouawa, kujeruhiwa, kutekwa au kupotea wanakadiriwa kuwa 51,000. Lee alirudi Virginia, wala hakuvuka tena kwenda Kaskazini na jeshi kubwa namna ile.

Wanahistoria wengi huhitimisha hapo. Kwa wenyeji, kazi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Maelfu ya maiti walikuwa wamefukiwa juujuu mashambani, mvua ikaosha udongo, nguruwe wakaanza kufukua. Wakili wa mjini, David Wills, alimwandikia gavana Andrew Curtin habari hizo, akapewa jukumu la kutafuta ardhi. Ikanunuliwa ekari 17 kilimani, pembeni mwa makaburi ya zamani ya mji. William Saunders, mtaalamu wa bustani mzaliwa wa Uskoti, alipanga makaburi katika nusu duara, kila jimbo na fungu lake, ofisa akilala ubavuni mwa askari wa kawaida. Wazo hilo la kutobagua vyeo, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko minara yote iliyofuata.

Kufukua na kuhamisha maiti kulitangazwa kwa zabuni, na mshindi alitaka dola 1.59 kwa kila maiti. Samuel Weaver alisimamia ufukuaji. Alikagua mifuko ya marehemu akitafuta barua, Biblia, chochote chenye jina, na aliangalia sare ili askari wa Kusini asije akazikwa humo. Aliamini hakukosea hata mara moja, ingawa baadaye ilijulikana kwamba wachache walipenya.

Lakini walioshika sepetu walikuwa kikosi cha vibarua weusi chini ya Basil Biggs. Huyu alizaliwa Maryland akiwa mtu huru, akahamia Gettysburg mwaka 1858, akalima shamba la kupanga na kutibu mifugo. Jeshi la Lee lilipokaribia, weusi wa mji huo walikimbia, kwa sababu askari wake walikuwa wakiwakamata watu weusi, hata waliozaliwa huru, na kuwapeleka Kusini utumwani. Biggs aliporudi alikuta nyumba aliyopanga imekwisha kufanywa hospitali na shamba limekuwa makaburi. Ufukuaji ulianza mwishoni mwa Oktoba 1863 na kumalizika Machi 1864. Kwa hiyo Abraham Lincoln aliposimama kuhutubia Novemba 19, wengi wa marehemu aliokuja kuwaenzi walikuwa bado mashambani. Msemaji mkuu siku hiyo, Edward Everett, alitumia saa mbili. Lincoln alitumia kama dakika mbili, na ndizo zinazokaririwa shuleni hadi leo.

Mwaka 1872 serikali kuu ilikabidhiwa makaburi hayo, na tangu 1933 yamo mikononi mwa idara ya hifadhi za taifa. Maiti wa Kusini walikuwa wameachwa walipofukiwa. Zaidi ya 3,000 walihamishiwa Richmond na miji mingine ya Kusini kati ya 1871 na 1873 na Rufus Weaver, daktari, mwana wa Samuel. Sehemu kubwa ya gharama zake haikulipwa kamwe.

Ubaguzi ambao Saunders hakuuchora kwenye ramani uliingia kwa mlango mwingine. Askari weusi wa mji huo waliopigania Muungano hawakupata nafasi kilimani. Mwaka 1867 chama cha weusi, Sons of Good Will, kilianzisha makaburi yao, ambayo leo huitwa Lincoln Cemetery. Wamelala humo wanajeshi weusi wapatao 30 wa vita hivyo. Henry Gooden, askari mweusi, alihamishiwa kilimani mwaka 1884, na kwa miongo mingi weusi wenzake hawakumfuata.

Biggs mwenyewe alinunua shamba kwenye uwanja wa mapigano, likiwa na kijisitu ambacho shambulio la mwisho la Lee lilikilenga. Alianza kukata miti yake. Mwanahistoria John Bachelder alimsihi aache bila kufanikiwa, mpaka alipomweleza kwamba miti iliyosimama ingemletea fedha nyingi kuliko iliyokatwa. Hapo Biggs akatua shoka. Baadaye alikiuza kipande hicho kwa chama cha kumbukumbu, na kijisitu kipo hadi leo. Alifariki mwaka 1906, akazikwa Lincoln Cemetery.