Ini la Sungura na Mikono ya Mchunaji

Kila azoeaye kumchuna sungura mwitu amepata kuona ndani yake mambo ya kuchukiza: malengelenge ya maji, makubwa kama punje za mbaazi, yaning'iniayo katika utandu wa matumbo, au madoa meupe katika ini. Wengine humtupa mnyama mzima. Wengine hukata palipoharibika wakapika yaliyobaki. Twataka kueleza hapa jinsi wenye elimu walivyopata kuvijua vitu hivyo, na jinsi walivyotambua mwishowe ya kuwa kinachochukiza macho si lazima kidhuru mwili, na ya kuwa hatari iliyo kubwa humpata mtu kabla chungu hakijatiwa motoni.

Neno letu sungura lachukua wanyama ambao Wazungu huwatenga kwa majina: yule wa Ulaya akaaye mashimoni, na yule wa porini alalaye juu ya nchi, ambaye pwani aliitwa pia kitungule. Katika habari hizi wote wamo.

Mwaka 1674, Antoni van Leeuwenhoek, mfanya biashara ya nguo wa mji wa Delft katika Uholanzi, alitazama nyongo ya sungura mzee kwa kioo cha kukuzia alichokitengeneza mwenyewe, akaona ndani yake vitu vidogo vyenye umbo la yai. Hakujua ni nini. Leo twajua ya kuwa ni mbegu za kijidudu akaaye katika mifereji ya nyongo ya sungura, aletaye madoa makubwa meupe katika ini. Kijidudu huyo huwaua sungura wadogo wengi, lakini mwanadamu hamdhuru.

Malengelenge nayo yalikaa muda mrefu bila kueleweka, hata Friedrich Küchenmeister, tabibu wa Zittau katika Ujerumani, alipofanya majaribio yake ya miaka ya 1851 na 1852. Aliyatoa malengelenge katika sungura, akawalisha mbwa na mbweha. Alipowapasua baadaye, alikuta tegu matumboni mwao. Basi ikajulikana ya kuwa lengelenge ni tegu mchanga, angojaye mnyama wake aliwe na mbwa ndipo akue. Tegu huyu naye si wa mwanadamu. Ila mwenye kumtupia mbwa wake matumbo mabichi humpandia tegu kwa mkono wake mwenyewe.

Hatari ya kweli ilijulikana baadaye sana, nayo ilipatikana kwa kutafuta jambo lingine. Tauni ilipoingia California, tabibu George McCoy aliwekwa kuwachunguza panya na kindi wa ardhini. Mwaka 1911 alieleza maradhi yafananayo na tauni katika kindi wa wilaya ya Tulare, na mwaka 1912, pamoja na Charles Chapin, akampata kijidudu chake, akamwita kwa jina la wilaya ile. Mwaka 1914, katika mji wa Cincinnati, William Wherry na Benjamin Lamb walimkuta kijidudu yule yule katika jicho la kijana mwenye kazi ya kukata nyama. Kisha wakamkuta katika sungura mwitu wa jimbo la Indiana.

Aliyeyaunganisha yote ni tabibu Edward Francis. Mwaka 1919 alitumwa Utah, ambako wakulima waliugua homa waliyoiita homa ya inzi wa kulungu. Akaonyesha ya kuwa inzi hao huitoa homa kwa sungura wakawaletea watu, na ya kuwa ndiyo maradhi ya kindi wa Tulare. Akayapa jina tularemia. Yeye mwenyewe aliambukizwa akaugua. Baadaye kijidudu aliitwa Francisella kwa heshima yake.

Mbali huko Japani, tabibu Homma Soken alikwisha kuandika mwaka 1837 juu ya watu waliougua kwa nyama ya sungura mwitu. Karibu na mwaka 1925 Hachiro Ohara wa Fukushima aliona wagonjwa waliokuwa wamewachuna sungura waliookotwa wamekufa. Ili kuhakikisha, mke wake alikubali kupakwa mkononi damu ya sungura wa namna hiyo, naye akaugua. Mwaka 1926 Francis na mwenzake walithibitisha ya kuwa ugonjwa wa Ohara na wa Marekani ni mmoja.

Tuangalie majina. Wajapani waliuita ugonjwa wa sungura mwitu. Wamarekani wa kawaida, homa ya sungura. Watu wa Utah, homa ya inzi. Kila jina lilishika kweli. Mwalimu asidharau jina walilolitoa wenyeji wa mahali.

Mwaka 1939 waliandikwa Marekani wagonjwa zaidi ya 2,000, na wengi waliambukizwa katika kuchuna. Kijidudu hupenya kwa mkwaruzo mdogo wa kidole, au kwa mkono upanguso jicho. Hutokea kidonda, mitoki ya kwapa na homa kali. Dawa ya streptomaisini, iliyopatikana miaka ya 1940, iliokoa wengi. Ini la sungura mgonjwa lina madoa meupe madogo kama ncha ya sindano. Lakini jicho lisilofundishwa haliwezi kuyatenga daima na yale yasiyodhuru.

Maradhi haya hujulikana hasa katika nchi za kaskazini ya dunia. Hata hivyo mafundisho yake yafaa popote. Sungura aliyeokotwa amekufa, au akamatwaye kwa mkono kwa kuwa hana nguvu ya kukimbia, asiliwe. Mwenye kidonda mkononi asichune. Mwenye kuchuna asipanguse macho, na akiisha anawe kwa sabuni. Ini likiwa na madoa, mnyama wote azikwe. Nyama ipikwe hata mfupani pasionekane wekundu, kwa maana baridi kali haimwui kijidudu, ila moto. Na apatwaye na homa baada ya kuchuna amweleze tabibu alichokichuna. Wazee wetu walisema kikulacho ki nguoni mwako. Na mchunaji wa sungura, hukipata vidoleni mwake.