Mfumi, mtande na mshindio: Somo kutoka milima ya Ethiopia

Juzi mwanafunzi wangu aliniuliza: "Mwalimu, kile chombo cha kufumia nguo kwa mkono tunakiitaje?" Nikamjibu, "Kitanda cha mfumi." Darasa zima likaangua kicheko. Ati mfumi naye ana kitanda chake!

Kicheko kile kilinikumbusha wafumi Wadorze wa milima ya Gamo, kusini mwa Ethiopia. Huko wanawake husokota pamba iwe nyuzi, nao wanaume hufuma. Mfumi huketi ukingoni mwa shimo, miguu ikikanyaga vikanyagio humo shimoni, mikono ikipitisha mshindio kati ya nyuzi za mtande. Hapo hupatikana netela, shuka jepesi la tabaka mbili, na gabi, zito la tabaka nne la kukabili baridi ya milimani. Pindo la rangi huitwa tibeb, neno ambalo kwa Kiamhari humaanisha pia hekima.

Kinaya ni kwamba wenye hekima hiyo walidharauliwa. Watu walijivunia vazi kanisani na sherehani, huku wakimbeza aliyelifuma. Hata neno shemane, yaani mfumi, likageuzwa tusi. Mnamo 1908 Mfalme Menelik II alitoa tangazo la kukataza watu kuwatukana mafundi kwa sababu ya kazi zao. Dharau haikuisha siku hiyo, ila ufundi haukufa. Wadorze wengi walihamia Addis Ababa, na leo soko la Shiro Meda, karibu na mlima Entoto, linasifika kwa nguo zao.

Na sisi je? Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, alikuta nguo zinazofumwa pale zikiuzwa hadi Misri. Kule Kilwa, wanaakiolojia wamechimbua vifaa vya kusokotea nyuzi. Kumbe pwani yetu ilikuwa na wafumi! Kisha, katika karne ya 19, vitambaa vya viwanda vya Massachusetts vikafurika Zanzibar, tukaviita marekani. Wafumi wakapungua, msamiati wao ukabaki kamusini.

Kwa hivyo siwalaumu wanafunzi wangu. Wangemjuaje mtu ambaye hawajawahi kumwona kazini? Nimewapa zoezi la likizo: kila mmoja amwulize nyanya yake jina la kila hatua ya kusuka kiondo, kwa lugha yoyote ile. Muhula ukifunguliwa, tutatafuta Kiswahili chake pamoja.