Haki ya Kutunga Kanuni: Nia za Waundaji wa Michezo ya Video, kutoka Viwanja vya Thika na Ruiru

1.0 Utangulizi

Kijana wa Thika au Ruiru anaposema kwamba anataka kuunda mchezo wa video, wazazi wake aghalabu husikia moja kati ya mambo mawili: uvivu, au ndoto ya utajiri wa haraka. Wahakiki wa fasihi nao ni nadra kumsikia, kwa kuwa wamezoea kuitafuta sanaa kitabuni, jukwaani na katika ngano. Makala haya yanadai kuwa nia hiyo ina historia, na kwamba historia yenyewe haianzii kwenye kompyuta. Riziki na sifa zimo miongoni mwa sababu, kama zilivyokuwamo kwa watunzi wa riwaya na tenzi. Hata hivyo, chini yake ipo sababu kongwe zaidi, nayo ni hamu ya kurejeshewa haki ya kutunga kanuni za mchezo. Katika kuichunguza nia hii hatutategemea maungamo ya watunzi. Tutaangalia walichochagua kuiga na walichokigeuza.

2.0 Kutoka Uwanjani hadi Chumbani

Watoto wanaocheza mpira wa makaratasi katika uwanja wa vumbi huanza kwa kujadiliana. Mawe mawili yakishawekwa kuwa goli, hapana budi waafikiane: mpira uliopita juu ya kichwa cha kipa ni bao au si bao? Mwenye mpira ana haki gani kuliko wenzake? Mjadala huu ni sehemu ya mchezo. Ndani yake mtoto ni mchezaji na mtunzi kwa wakati mmoja.

Katika vyumba vya michezo vya mijini, ambamo televisheni na PlayStation huwekwa na kila mechi ikalipiwa, mjadala huo umefungwa. Kanuni hufika zikiwa tayari. Mchezaji wa Thika anaweza kuipatia timu ya Uingereza kombe la Ulaya, lakini hawezi kuiingiza timu ya mtaa wake uwanjani, wala kubadili kanuni hata moja. Ana uhuru wa kushinda. Hana uhuru wa kutunga.

Nyenzo za kuutafuta uhuru huo hazikuwa mbali. Juja, iliyo kati ya Ruiru na Thika, ndiko kilikoanzishwa mwaka 1981, kwa msaada wa Japani, chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta mwaka 1994. Thika pana Chuo Kikuu cha Mount Kenya, na Ruiru pana Chuo Kikuu cha Zetech. Kijana anayetoka chumba cha michezo na kuingia darasa la programu hugundua jambo zito: kanuni alizozidhania kuwa maumbile ziliandikwa na mtu, na kilichoandikwa na mtu chaweza kuandikwa upya.

3.0 Kuiga na Kugeuza

Hatua ya kwanza ya uandishi huo mpya nchini Kenya ilikuwa kuiga. Mwaka 2007 Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, mchezo ambao shujaa wake, mwanamke anayetafuta vitu vya kale vya Kiafrika, anafanana waziwazi na Lara Croft wa Tomb Raider (1996). Msomaji wa Kiswahili asiharakishe kudharau. Muhammed Said Abdulla alipotoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, Bwana Msa na mwenzake Najum walibeba sura ya Sherlock Holmes na Watson, na bado riwaya hiyo ilifungua njia ya hadithi za upelelezi katika Kiswahili. Hali kadhalika, tendo la Nyangi linabeba maana nyingine: Lara huokota hazina za watu wengine, ilhali Nyangi anatafuta za kwao.

Ma3Racer, mchezo wa simu uliotokea mwanzoni mwa miaka ya 2010, ulimweka mchezaji kwenye usukani wa matatu. Jina lenyewe ni fumbo la Sheng, ambamo tarakimu 3 husomwa "tatu". Abiria wa Thika anayepitia Ruiru kila asubuhi kwenda Nairobi hahitaji kuelezwa mchezo huo unahusu nini. Naye Andrew Kaggia alianza na filamu ya katuni, Wageuzi, iliyowafanya wagombea urais kuwa mashine zenye kujigeuza, kabla ya kutoa Nairobi X mwaka 2015, mchezo ambao jiji la Nairobi linavamiwa na viumbe kutoka anga za mbali.

Hata hivyo, uhakiki wa haki lazima uulize: ni nini hasa kilichogeuka? Katika kazi hizi mandhari yamegeuka kuliko kanuni. Nairobi imeingia mchezoni, lakini Nairobi X bado ni mchezo wa kufyatua risasi, na matatu bado inashiriki mbio. Haki iliyopotea chumbani imerejeshwa nusu.

4.0 Hitimisho

Ruiru yenyewe inatupa kipimo. Mwaka 1985 kituo cha utafiti wa kahawa cha mji huo kilitoa mbuni chotara uitwao Ruiru 11, uliopatikana kwa kuchanganya aina ya kigeni, Catimor kutoka Kolombia, na aina zilizokuwa zikikuzwa Kenya kama SL28. Hakuna mkulima aliyeuita mwigo. Aliutazama kama unastahimili ugonjwa wa chulebuni, yaani kama umbile la ndani limebadilika.

Vivyo hivyo kwa michezo ya video. Wahakiki wakiendelea kuipuuza, kipimo pekee kitakachobaki ni mauzo, na soko haliulizi nani aliyetunga kanuni. Swali hilo ni letu. Mtoto wa uwanja wa vumbi alilijua mapema, kabla mpira haujapigwa.