Kwa Nini Muuguzi Asome Kemia?

Swali hili halikosekani katika vikao vyetu hapa Saint Paul. Mtu alikuwa mwalimu au mhasibu nyumbani. Amefika huku, amebeba maboksi, kisha akapata kazi ya kuhudumia wazee usiku. Sasa anataka kuwa muuguzi kamili. Chuo kinamwambia: kabla hujagusa uuguzi wenyewe, maliza kwanza anatomia na fiziolojia, mikrobiolojia, na mara nyingi kemia. Kitabu cha kemia alikifunga miaka 20 iliyopita! "Wagonjwa nimeshawainua miaka mitano," analalamika, "hayo yote ya nini?" Jibu limo katika historia ya mji huu huu tunaoishi.

Mwaka 1851 masista wanne wa Shirika la Mtakatifu Yosefu walifika Saint Paul kwa meli ya mvuke, kupitia Mto Mississippi. Walikuja kufundisha. Lakini kipindupindu kilipozuka mwaka 1853, waligeuza kanisa la magogo kuwa mahali pa kulaza wagonjwa, na hiyo ikawa hospitali ya kwanza ya Minnesota. Masista hawa hawakupungukiwa huruma wala ujasiri. Walichopungukiwa ni kujua adui ni nani. Mwaka 1854, huko London, Daktari John Snow alionyesha kwamba ugonjwa huo hupitia maji ya kunywa, na wengi hawakumsadiki. Robert Koch alikuja kukitambua kijidudu chenyewe mwaka 1883 na 1884.

Nyumbani nako hatukusalimika. Kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kiliua maelfu Zanzibar, na James Christie, daktari aliyefanya kazi huko, aliandika kitabu kizima juu ya maradhi hayo mwaka 1876. Leo wagonjwa wengi wa namna hiyo huokolewa kwa maji yenye chumvi na sukari, yaliyopimwa sawasawa. Kwa nini sukari isaidie chumvi na maji kupenya utumboni? Hapo ndipo fiziolojia na kemia zinapoingia.

Jambo la pili linahusu heshima ya kazi. Zamani hospitali za Marekani zilifundisha wauguzi kwa kuwafanyisha kazi. Mwanafunzi alishinda wodini kutwa nzima, jasho lake ndilo karo, na mwalimu alimpata jioni akiwa hoi. Aliyeupinga mpango huo ng'ambo ya mto, Minneapolis, ni Dkt. Richard Olding Beard. Kwa juhudi zake, mwaka 1909 Chuo Kikuu cha Minnesota kilifungua shule inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya uuguzi kudumu ndani ya chuo kikuu nchini Marekani. Na Beard alikuwa profesa wa nini? Wa fiziolojia, somo lile lile linalotukosesha usingizi! Kwake yeye, muuguzi alistahili elimu, si kutumikishwa tu.

Hata hivyo, mlango ukishajengwa hakosekani wa kuufunga. Mwaka 1929 shule hiyo hiyo ilimkataa Frances McHie, binti Mmarekani Mweusi, kwa sababu ya rangi yake. Shauri lake lilifika katika Bunge la Jimbo, hapa hapa Saint Paul, na chuo kikalazimika kumpokea. Alihitimu mwaka 1932. Kwa hiyo tusichanganye mambo mawili: ubaguzi tuupinge, lakini somo tulisome.

Kwa anayeanza, uliza mapema kama alama zako za zamani bado zinakubaliwa, maana baadhi ya vyuo hukataa masomo ya sayansi yaliyopitwa na miaka. Usibebe sayansi mbili nzito katika muhula mmoja huku unafanya kazi za usiku. Na usione haya kumwendea mwalimu wa ziada chuoni. Mara nyingi huduma hiyo haina malipo.

Yule bibi unayemgeuza kitandani saa tisa usiku, miguu yake imevimba. Leo unaandika kwamba imevimba, kisha unamwita nesi. Siku moja atakayeitwa ni wewe, na utapaswa kujua la kuuliza kuhusu moyo wake na figo zake.