Kaukau ya Mayai

Kiswahili kina neno la baridi ya katikati ya mwaka, nalo ni kipupwe. Mamlaka ya Hali ya Hewa hulitumia kila inapotoa mwelekeo wa miezi ya Juni, Julai na Agosti, na watoto wa shule hulikariri pamoja na masika, vuli na kiangazi. Lakini fika Soko la Mwanjelwa, Mbeya, mwezi wa saba, saa kumi na mbili asubuhi, wauzaji wa viazi wakiwa wamejifunika mablanketi kuzunguka jiko la mkaa. Kipupwe hutalisikia. Utasikia kwamba baridi imeingia, kwamba baridi ya mwaka huu si ya mchezo. Kipupwe ni neno la pwani, la watu wanaoshukuru kwamba kusi imewapunguzia joto. Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Iringa kwenye 1,600 hivi, na huko juu neno hilo ni jepesi mno. Ukipanda zaidi hadi Kitulo, kwenye uwanda wa maua na ng'ombe wa maziwa, utakutana na kitu ambacho Waswahili wengi wamekisoma kwenye kamusi tu: sakitu, umande ulioganda ukang'aa juu ya majani kabla jua halijatoka.

Nimeanza na hali ya hewa kwa sababu chakula ninachotaka kukitafutia majina kinategemea hewa kuliko moto. Ni ute wa mayai uliopigwa pamoja na sukari, ukakaushwa mpaka ukawa mwepesi wa kuvunjika; juu yake inakuja malai iliyopigwa, kisha matunda madogo mekundu yenye uchachu, halafu ute mwingine, malai nyingine, matunda mengine, mpaka bakuli la kioo lijae. Ulimwenguni kina majina mengi. Lililo maarufu kuliko yote ni Pavlova, la mcheza baleti wa Kirusi Anna Pavlova, aliyezuru Australia na New Zealand mwaka 1926. Nchi hizo mbili bado zinagombea nani alikipika kwanza. Wao hukila Krismasi, ambayo kwao huangukia msimu wa joto. Wapishi wa Ulaya, wanapokipika kwa majira yao ya baridi, nao hukiweka Desemba. Mpishi wa Iringa akifuata kalenda yoyote kati ya hizo atajuta, kwa kuwa Desemba kwake ni mvua.

Sukari hunyonya unyevu wa hewa. Ute uliokaushwa vizuri, ukiachwa wazi siku ya mvua, hutoa majimaji, hunata kwenye vidole, kisha hulala. Ndiyo maana Dar es Salaam chakula hiki ni taabu mwaka mzima, na Tukuyu, chini ya mlima Rungwe, ambako mvua haina likizo ndefu, ni taabu vilevile ingawa kuna baridi. Lakini Iringa na Mbeya mjini, mvua ikishakatika mwezi wa tano, hewa hukauka mpaka midomo hupasuka. Usiku unakuwa baridi kiasi kwamba bakuli la malai likilazwa dirishani litaamka tayari kwa kupigwa. Majira ya baridi ya kupikia chakula hiki, kwa maana kamili ya maneno hayo, ni ya Nyanda za Juu Kusini. Kwa hiyo sioni kwa nini majina yake yatoke kwingine.

Mengi tunayo. Hakuna mpishi asiyejua kiini na ute, wala anayehitaji kufundishwa kupiga mayai. Tatizo huanza pale maelekezo ya kigeni yanapotafsiriwa neno kwa neno, ukaambiwa upige ute mpaka upate vilele laini, halafu vilele vigumu. Kwa mtu wa Mbeya anayeamka akiutazama mlima Loleza, kilele ni kitu kingine kabisa. Wapishi wa keki husema povu limesimama, na mimi sitafuti zaidi ya hapo. Kwanza linainuka, kisha linasimama. Likisimama sawasawa, pindua bakuli, halidondoki. Kitenzi kimoja kimebeba kipimo chote. Na huko juu povu husimama upesi, kwa sababu mgandamizo wa hewa wa Mbeya umepungua karibu moja ya tano ukilinganishwa na wa pwani, basi mapovu hutanuka kwa wepesi zaidi. Anayepiga kwa muda alioandikiwa na mtu wa usawa wa bahari huenda akapitiliza, povu likawa mabonge makavu yanayochuruzika maji chini.

Sukari ya kawaida madukani huko ni ya Kilombero, kutoka bondeni chini ya milima ya Udzungwa, yenye rangi ya udongo hafifu na chembe kubwa. Isagwe kwanza, au itwangwe. Ute wa yai moja huchukua gramu 50 hivi, zitiwe kijiko kimoja kimoja, pamoja na tone la limau au siki la kulishikilia povu. Rangi yake haitakuwa nyeupe pe. Itakuwa ya pembe za ndovu, na mimi naipenda hivyo.

Sasa kitenzi ambacho ndicho kiini cha makala haya. Tunaoka mkate, tunaoka keki. Je, ute huu tunauoka? Vitabu vingi vitasema ndiyo, kwa vile unaingia kwenye oveni. Lakini oveni yenyewe huwekwa kwenye nyuzijoto 100 hivi, kwa saa moja na nusu au zaidi, kisha huzimwa na ute huachwa humohumo mpaka upoe. Hakuna kinachofanyika mle ila maji kuondoka polepole. Moto ukizidi, sukari hugeuka kahawia na povu hupasuka. Tanuri la mkate likishatolewa mikate, joto lake likiwa linashuka, lingefaa zaidi kuliko oveni mpya iliyowashwa kwa pupa. Kinachofanyika hapo Waswahili tunakiita kukausha. Tunakausha samaki, tunakausha mahindi, tunakausha mboga. Mwenye kuambiwa kausha hatachochea moto. Mwenye kuambiwa oka atachochea. Neno sahihi linaokoa mayai.

Kutoka kwenye kukauka ndiko jina linakonijia. Wafaransa wana neno lao la ute huu, lililokwishachapwa kwenye kitabu cha mpishi Massialot mwaka 1692, na tukitaka kulikopa tutapata merengi. Sina ugomvi na kukopa. Meza, sahani na birika zilikuja hivyohivyo. Ila merengi halimwambii chochote mtu wa Mafinga. Ute mkavu ni sahihi, linaeleweka, na nililishikilia kwa muda, lakini ute hubeba pia habari za bamia na za zahanati, na mgeni mezani hastahili kukumbushwa hayo. Povu linaita sabuni.

Watu wa mitaani, bila kikao cha istilahi, walishaunda neno zuri: kaukau. Viazi vilivyokatwa vyembamba vikakaangwa mpaka vikakauka, kaukau. Vya muhogo, kaukau za muhogo. Vya ndizi, kaukau za ndizi. Mbeya na Njombe ndiko viazi mviringo vya nchi hii hulimwa kwa wingi, kwa hiyo neno hilo huko lina makazi. Limezaliwa kutokana na kauka, limekariri mzizi wake kama Kiswahili kinavyopenda kufanya, na ndani ya sauti yake mna mlio wa kitu kinachovunjika menoni. Atakayesema kaukau lazima iwe na chumvi, namwomba alitazame neno tena: limetaja ukavu, chumvi halikuitaja. Kaukau ya mayai. Mtoto ataelewa kabla hajaonja, tena ataelewa jambo muhimu kuliko yote kuhusu chakula hiki, kwamba kisipovunjika hakijafaulu.

Kiswahili hutaja vyakula vyake kwa kazi ya mikono au kwa kilichotiwa ndani. Chapati za kusukuma, chapati za maji, mkate wa kumimina. Mkate wa mayai wa Unguja, ambao mayai na sukari hupigwa mpaka viumuke ndipo unga utiwe, kisha makaa huwekwa chini ya sufuria na juu ya mfuniko, ni ndugu wa karibu kabisa wa kaukau ya mayai, na haukuhitaji jina la mcheza baleti yeyote. Iringa mjini pana mkahawa wa Neema Crafts, ambako wahudumu ni viziwi na lugha ya kazi ni ya alama. Mahali kama hapo jina linaloeleza kitendo lina faida nyingine: linaweza kuonyeshwa kwa mikono.

Malai halina mjadala mrefu. Limetoka Bara Hindi kwa njia ya pwani, limo kwenye kamusi, nalo ni mafuta mazito yanayoelea juu ya maziwa. Bara husemwa krimu, neno linalogawanywa kati ya keki na mafuta ya kujipaka usoni. Rungwe, ambako kaya nyingi hufuga ng'ombe wa maziwa mmoja au wawili bandani, malai linastahili kurudishwa vinywani, maana kitu chenyewe kipo kila asubuhi. Ya kupiga iwe nzito, theluthi moja yake mafuta, na iwe baridi sana. Ukizidisha kuipiga itakatika, kama tunavyosema maziwa yamekatika au tui limekatika, na kilichobaki kitakuwa siagi.

Matunda ndiyo yenye historia ya kupotezana. Tufaha ni tunda la Waarabu na la Makete; lakini pwani tofaa ni tunda jingine kabisa, jekundu, laini, la majimaji, na muuzaji wa Mbeya anayetaka kueleweka hukwepa yote mawili akasema epo. Fyulisi limo kamusini, lakini mwenye mti huo nyuma ya nyumba yake Iringa husema pichi. Jina la jumla la vitunda vidogo vyekundu vya bakuli letu hatuna, na sioni pengo: kila kimoja kina chake. Forosadi tunalo tangu zamani, na ningependa kuiona ndani ya bakuli hili mara nyingi zaidi, kwa uchachu wake na wino wake.

Stroberi ni mgeni wa juzi, lakini imeshajipangia ngeli. Haikwenda kwa maembe na machungwa. Imekaa na ndizi, zabibu na zambarau: stroberi hii, stroberi hizi. Na kwa kuwa haina mti, hakuna anayesema mstroberi. Wakulima husema mche, miche. Inapenda ubaridi na maji yasiyotuama, na wa kuimwagilia kiangazi anaweza kujifunza kwenye vinyungu, bustani za mabondeni ambazo Wahehe na Wabena hulima mvua ikishakatika kwa unyevu uliobaki ardhini. Kinyungu nacho kimepanda kutoka bondeni hadi kwenye taarifa za serikali bila kutafsiriwa. Wanaisimu walichukua neno ngeli kutoka Kihaya. Wakihitaji maneno ya vyakula vya baridi, Kihehe, Kibena, Kinyakyusa, Kisafwa na Kikinga zinasubiri kuulizwa. Mchuzi mtamu wa stroberi zilizochemshwa na sukari usiitwe sosi. Uitwe shira, kama ya kaimati.

Kwa mpangilio wa kaukau, malai na matunda bakulini, neno tabaka nalitumia nikijua uzito wake. Waliosoma siasa baada ya Azimio la Arusha la 1967 hawalisikii bila kukumbuka jamii isiyo na matabaka. Hata hivyo ni la miamba na la chapati pia, na hapa linatosha.

Limebaki jina la mahali pa chakula hiki kwenye mlo. Kitindamlo ni neno lililoundwa kwa ustadi mkubwa, mtoto wa kitindamimba, likitaja kinachofunga mlo kama lile linavyomtaja anayefunga uzazi. Ila Nyanda za Juu mlo haufungwi kwa kitu kitamu. Ugali na maharage vikishaliwa watu hunawa. Kitamu huja saa kumi, na chai ya maziwa, na wakati huo jina lake ni kitafunwa. Ningekipakua hapo, jua likiwa bado ukutani. Malai isikutanishwe na kaukau mapema. Wageni waketi kwanza, chai imiminwe, ndipo matabaka yapangwe. Ikikaa saa nzima chini ya malai na shira, kaukau hulainika, na jina halitaifaa tena.